Vigae Juu ya Meza ya Jikoni: Je, Vyafaa?

Msafiri atokaye Bagamoyo kwenda Dar es Salaam kwa basi, akisha kupita Bunju na Boko, hufika Tegeta, katika Wilaya ya Kinondoni. Hapo hakosi kuyaona maduka ya vifaa vya ujenzi kando ya barabara: nondo, mabati, masinki, milango, na maboksi ya vigae yaliyopangwa moja juu ya moja. Karibu yake ni Kilima cha Wazo, ambako kiwanda cha saruji cha Twiga kilianza kazi mwaka 1966, kikichimba mawe ya chokaa papo hapo kilimani. Basi si ajabu kwamba watu wa Tegeta wamezoea kujenga karibu kila kitu kwa saruji, hata meza ya jikoni.

Meza hiyo ndiyo habari yetu ya leo. Haina miguu ya mbao. Ni zege lililolazwa juu ya kuta fupi za matofali, na juu yake vimebandikwa vigae, vile ambavyo wengine huviita marumaru na mafundi wengi huviita tailizi. Hapo mama hukata mboga, hukanda unga wa chapati, huparua samaki, na mwishoni mwa meza liko sinki la kuoshea vyombo. Mzazi wa shamba akija mjini kumtembelea mwanawe huiona meza hiyo, huisifu, na akirudi kwake huanza kuhesabu fedha: Je, na sisi twaweza? Ndiyo, mwaweza. Lakini fedha zenu zisiende kwanza kwenye ule mng'aro unaoonekana juu. Ziende chini ya kigae, na katikati ya kigae na kigae. Huko ndiko meza hizi huharibikia.

Kwanza tuulize, meza ya namna hii ina faida gani hata mtu atoe fedha za upatu kuijenga? Mama apikaye chini huinama tangu alfajiri hadi usiku. Kuchambua mchele, kukata vitunguu, kuosha vyombo, vyote mgongo umepinda. Wanaume wengi hatulioni jambo hili kwa kuwa si migongo yetu. Tena kuna watoto. Mtoto atambaaye yu kimo kimoja na kisu, na sufuria ya maji ya moto, na chungu cha uji. Kuku naye hupita alikotoka, na miguu yake hana habari ya kuifuta. Mchanga huingia katika mboga, na pamoja na mchanga huingia vijidudu vya kuhara, ugonjwa ambao huwapata zaidi watoto wachanga. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mafundisho yake matano ya usalama wa chakula mwaka 2001, la kwanza lilikuwa usafi, na la pili kutenganisha vyakula vibichi na vilivyokwisha kupikwa. Yote mawili ni magumu sana kwa mtu ambaye hana mahali palipoinuka pa kuweka kitu.

Sasa, mahali palipoinuka si lazima pawe na vigae. Meza ya mbao ni nzuri, ila mbao hunywa maji, huota ukungu, na kila kovu la kisu huwa nyumba ya uchafu. Zege lililopigwa niru ni zuri zaidi, tena ni rahisi. Ubaya wake ni kwamba ndimu na ukwaju hulila, na baada ya miaka michache uso wake huwa na vishimo. Kigae hakinywi maji juu, hakiogopi ndimu, hakiogopi mafuta, na hufutika mara moja. Huo ndio ubora wake.

Wala usidhani ufundi huu wa kutia kauri katika chokaa umeletwa juzi na meli za bidhaa. Ukitoka Tegeta ukashuka upande wa bahari, mwendo si mrefu, yako magofu ya Kunduchi: msikiti wa kale na makaburi, mengine yakiwa na nguzo zilizosimama juu yake. Katika nguzo na kuta za makaburi hayo wazee wa pwani walipachika sahani na bakuli za kauri zilizotoka China na nchi nyingine za mbali. Huko Kilwa Kisiwani nako, katika msikiti mdogo wenye kuba, bakuli zilipachikwa ndani ya dari. Sahani nyingi za namna hii katika pwani yetu zimekwisha kung'olewa na watu, na yamebaki matundu ya mviringo katika chokaa. Msomaji ayatazame vema matundu hayo. Kauri imekwenda, chokaa ipo, na imeshika sura ya sahani kama muhuri. Wazee wale walijua kwamba sahani ni pambo, na kazi yenyewe i katika chokaa. Ni kweli kwamba juu ya kaburi hakuna mtu aoshaye dagaa kila siku. Meza ya jikoni ina taabu kubwa kuliko ya kaburi.

Turudi kwenye kigae chenyewe. Ni udongo uliochanganywa na mawe yaliyosagwa, ukashindiliwa kwa mashine, ukapakwa rangi yake ya kioo, kisha ukachomwa katika tanuru kwa joto lipitalo digrii 1,000. Siku hizi vingi hutengenezwa hapa nchini. Viko viwanda Mkuranga na Chalinze, katika Mkoa wa Pwani. Dukani utaviona vya aina tatu. Vya ukutani ni vyepesi, na mgongo wake hunywa maji sana. Vya sakafuni ni vigumu zaidi. Halafu viko vya porselini, ambavyo hainywi maji hata mgongoni, na hivyo ndivyo ghali. Ukitaka kujua umeshika kipi, kigeuze, udondoshee tone la maji mgongoni. Likizama upesi, hicho ni cha ukutani au jamaa yake. Likikaa juu kama umande juu ya jani la mgomba, hicho ni kigumu.

Kwa meza ya jikoni nunua vya sakafuni. Vya ukutani vyafaa safu mbili tatu za ukuta nyuma ya meza, ili maji na mafuta yasiruke ukutani. Lakini ukivilaza mezani, siku sufuria ya maharage itakapoteleza mkononi utaona ufa. Na usichague vile vyenye mikwaruzo na mabonde ya kupendeza. Kigae cha namna hiyo kimetengenezwa ili mguu usiteleze. Mezani kazi yake itakuwa kushika unga.

Hapa sasa nawaomba akina mama na mafundi wanisikilize vizuri, kwa kuwa hapa ndipo penye jambo. Kigae hakina taabu. Penye taabu ni ule mwanya ulio kati ya kigae na kigae. Mwanya hujazwa unga wa saruji laini ambao mafundi huuita grauti, na grauti, kwa kuwa ni saruji, hunywa. Hunywa maji ya samaki, hunywa damu ya nyama, hunywa mafuta. Na binzari ikiisha kuingia humo haitoki tena, utaiona ya manjano mpaka Krismasi na baada ya Krismasi. Kwa hiyo kadiri mianya ilivyo mingi, ndivyo meza ilivyo chafu.

Tufanye hesabu. Chukua meza yenye urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 60. Ukiifunika kwa vigae vidogo vya sentimita 10 kila upande, ambavyo vyapendeza kweli machoni, utahitaji vigae 120, na ukiipima mianya yote na kuiunga utapata mita 21 na sentimita 40. Ukitumia vya sentimita 30 utahitaji 14, na mianya itakuwa mita 5 na sentimita 60. Ukitumia vya sentimita 60 utahitaji vinne tu, na mianya itakuwa mita 1 na sentimita 80. Meza ni ile ile! Yule wa kwanza atasugua mita 21 za uchafu kwa mswaki mkuukuu, na huyu wa mwisho hata mita 2 hazimfikii. Wako pia wanaookota vipande vya vigae vilivyovunjika kwa wajenzi na kuvipanga kama mchoro. Kwa ngazi ya barazani ni kazi nzuri sana na yenye kupunguza gharama. Kwa mahali pa kukatia nyama, hapana.

Mtu atauliza, kwa nini basi wote wasinunue vile vikubwa? Sababu ni kwamba kigae kikubwa hutaka uso wa chini ulionyooka kabisa, na kukikata kwahitaji mashine na fundi aliyezoea. Tena kikipasuka, umepoteza robo ya meza. Kijijini, ambako fundi hukata kwa mkono, mimi naona vya sentimita 30 au 40 vyafaa zaidi. Mianya iwe myembamba, milimita 2 au 3. Njiti ya kiberiti ikitiwa kati ya vigae viwili wakati wa kuvipanga hutoa mwanya wa kutosha, nayo yapatikana kila duka.

Chini ya kigae ni wapi? Kule Tegeta hujenga kuta fupi mbili au tatu, hutandika mbao juu yake na kuzitegemeza kwa mirunda, hupanga nondo, halafu humwaga zege la inchi 3: saruji ndoo moja, mchanga ndoo mbili, kokoto ndoo nne. Nondo zikae upande wa chini wa zege, zikiinuliwa sentimita 2 tu kutoka kwenye mbao. Maana zege likilemewa hupasuka kuanzia chini, na nondo iliyokaa juu haisaidii kitu. Zege linyweshwe maji siku 7 bila kukosa. Mirunda isiondolewe kabla ya wiki mbili. Halafu, na hili watu hawalipendi, lisubiriwe mwezi mzima kabla ya kubandika vigae. Zege likikauka hujikunja kidogo kidogo, jicho halioni, kigae hakijikunji. Ukivifunganisha mapema mno, ndipo usikiapo usiku jikoni sauti kama ya kijiti kuvunjika, na asubuhi waona kigae kimeinuka.

Lakini kijijini si lazima kufuata njia hiyo ya nondo na mirunda. Iko njia nyingine iliyo rahisi, nayo ni kujenga boma la matofali ya kuchoma, kama sanduku lisilo na kifuniko, na kulijaza mawe na vipande vya matofali vilivyoshindiliwa sawasawa, kisha kulifunika kwa zege la inchi 2 au 3. Hapo nondo hazihitajiki kwa sababu zege limelala juu ya kitu kigumu pote. Utakosa nafasi ya kuweka ndoo chini ya meza, hilo ni kweli. Basi mwambie fundi afanye walau jambo moja: safu mbili za chini za matofali, upande wa mbele, ziingie ndani sentimita 10, ili vidole vya miguu vipate pa kukaa. Mama asimamaye mbali na meza huinama tena, na kuinama ndiko tulikokuwa twakukimbia.

Kimo nacho kisiamuliwe na fundi. Kiamuliwe na kiwiko cha mwenye jiko. Mama asimame wima, akunje mkono, na meza iwe chini ya kiwiko chake kwa sentimita 10 hadi 15. Kwa wengi hiyo itakuwa sentimita 85 au 90 kutoka sakafuni. Na uso wa meza uinamie sinki kidogo sana, au uinamie mbele kama sinki hakuna, ili maji yasikae ukutani. Fundi mwenye pima maji atajua. Asiye nayo na amimine maji aone yaendako.

Katika kubandika kuna hila moja ambayo yafaa ijulikane. Mafundi wenye haraka huweka donge la saruji katika kila pembe ya kigae na moja katikati, hukibonyeza, basi. Kwa juu huoni kasoro yo yote. Kwa chini pana mapango. Kitu kizito kikianguka juu ya pango, kigae huvunjika. Maji yakipenya kwenye mwanya hukaa humo, na mende hupata makao ambayo dawa haifiki. Saruji au gundi hutakiwa ienee mgongo mzima wa kigae. Fundi akisema, "Mama, usiwe na wasiwasi," mjibu kwa upole, "Sawa, fundi, lakini hicho cha kwanza kinyanyue nikione mgongo." Kikiwa kimepakaa pote, mwache afanye kazi yake kwa amani. Siku ya pili pita na sarafu ugonge kila kigae: kilichoshika hulia sauti fupi ya jiwe, na kisichoshika hulia kama mtungi mtupu. Fedha ya mwisho ya fundi ilipwe baada ya kugonga, si kabla.

Vigae vinavyokunywa maji vilowekwe kabla ya kubandikwa kwa saruji na mchanga, visije vikanyonya maji ya saruji ikakauka bila kushika. Vya porselini havihitaji kulowekwa, bali vyahitaji gundi maalumu ya vigae inayouzwa kwa mifuko, kwa sababu saruji ya kawaida haipati pa kung'ang'ania. Grauti itiwe siku ya pili yake, ijazwe hadi juu, ifutwe, kisha ilowanishwe kidogo kidogo kwa siku 3. Iko pia aina ya grauti isiyo ya saruji, iitwayo epoksi. Hiyo hainywi maji wala mafuta. Bei yake ni kubwa, lakini kwa meza moja ndogo kiasi kinachotakiwa ni kidogo, na mtu mwenye kuchagua kati ya vigae vya bei kubwa na grauti ya bei kubwa, heri achague grauti.

Pembe ya mbele ya meza ndiyo hugongwa sana, na kigae kilichoachwa wazi pale humeguka, kisha hukata mkono. Madukani kuna mkanda mwembamba wa aluminiamu au wa plastiki wa kufunika pembe hiyo. Usipoupata, fundi aizungushie saruji na kuipiga niru, iwe duara.

Meza ikiisha kujengwa, kuna mambo ambayo haiyataki. Kinu na mchi visipande juu yake kamwe. Jiko la mkaa likiwekwa juu yake, litanguliziwe matofali mawili, maana joto la chini ya jiko hupita kwenye kigae na kulegeza gundi. Sufuria ya moto yaweza kutuliwa kwa kitambo, lakini si juu ya kigae kilicholowa maji baridi. Kisu hakitaumiza kigae. Kigae ndicho kitakachoumiza kisu, kiwe butu kwa siku mbili. Kwa hiyo ubao wa kukatia ubaki, na ikiwezekana ziwepo mbao mbili, moja ya nyama na samaki wabichi, nyingine ya mboga na mkate. Dada mmoja anayejivunia meza yake inayong'aa huku akikata matango pale pale alipomkatia kuku hajapata faida yo yote ya kiafya kutoka kwa vigae vyake.

Kusafisha ni kwa maji ya moto na sabuni, na mswaki kwa mianya. Ndimu, siki, na zile dawa kali za chooni zisitumike kusugulia mianya. Zina tindikali, na tindikali hula saruji. Mara moja moja yafaa kupitisha maji yenye dawa ya klorini, ile ya kufulia nguo nyeupe, iliyochanganywa na maji mengi, hasa baada ya kutengeneza kuku. Lakini, akina mama, sikieni: dawa hiyo isichanganywe kamwe na dawa ya chooni wala na siki. Zikikutana hutoa hewa ya sumu yenye kukaba pumzi, na katika jiko dogo lenye dirisha moja mtu aweza kuzimia. Na kitambaa cha kufutia kichemshwe, kianikwe juani. Kitambaa kinachonuka hakisafishi meza, hukipaka kigae uchafu wa jana.

Je, kuna asiyefaa kujenga meza hii? Yuko. Familia ambayo bado huchota maji mbali sana, au ambayo choo chake hakina hata mlango, ina kazi nyingine ya kutanguliza kwa fedha hizo. Na aliye na nyumba ya udongo inayosubiri kujengwa upya mwakani asibandike vigae mwaka huu. Huyo na ajenge kichanja imara cha vyombo, na meza ya zege yenye niru nzuri iliyosuguliwa kwa mwiko wa chuma. Vigae vyaweza kuja juu yake baadaye, mradi zege halina ufa. Ikifika siku hiyo, niru ikwaruzwe kwanza kwa patasi, kwani juu ya uso laini gundi haishiki vema.

Kwa wale watakaonunua vigae mjini na kuvisafirisha kwa basi, neno la mwisho ni la safari. Boksi lisimamishwe kwa ubavu, lisilazwe, na lisiwekwe chini ya magunia. Kila boksi lina namba ya rangi na ya toleo iliyopigwa ubavuni. Hakikisha maboksi yote yana namba moja, maana vigae vya jina moja vilivyochomwa siku mbalimbali huweza kutofautiana rangi. Nunua vitatu au vinne zaidi ya hesabu, uvifunge katika gunia na kuviweka darini. Kigae kikivunjika baada ya miaka mitano, dukani hutakipata tena kinachofanana nacho.